Kunona na Kunenepa

Mizani ya duka nililofanyia kazi ilikuwa na ubao wa kukanyagia uliochakaa katikati kwa uzito wa magunia, na juu yake mkono mrefu wa shaba wenye kijiwe cha kusukuma. Unaweka gunia, unasukuma kijiwe polepole, na mkono ukianza kuelea, haugusi juu wala chini, umepata. Kazi hiyo nilifundishwa asubuhi moja. Kujua kilo ni nini kulinichukua miaka.

Lilikuwa duka la nafaka, hatua chache kutoka soko la Machakos. Niliingia pale nikiwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, mama alipoanza kushinda kitandani. Baba alitangulia, mama akafuata, na nyuma yangu wakabaki wasichana wawili: mmoja darasa la sita, na kitinda mimba ambaye bado aliandika b akimaanisha d. Jamaa walikaa kikao wakataka kutugawa, kila mmoja nyumba yake. Nilisema hatugawanyiki. Sikuwa na hoja nyingine, kwa hiyo niliirudia hiyo hiyo mpaka wakachoka, wakanywa chai yao na kwenda.

Pale dukani jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba jicho halijui kupima. Gunia la pumba linaloziba mlango, mama mmoja analibeba akiongea. Gunia la maharagwe lisilofika kiunoni linawashinda wanaume wawili. Tulikuwa na wapakiaji wawili, mmoja mnene mwenye kitambi, mwingine mwembamba kama mpini wa jembe. Siku moja waligombana kuhusu nani mzito, tukawapima, na yule mwembamba akamzidi mwenzake kwa kilo tatu. Nilikaa na jambo hilo kichwani wiki nzima. Zilikuwa wapi kilo zile? Niliangalia mikono yake, miguu yake, sikuziona.

"Jicho linapima nguo, mwiitu," mwenye duka aliniambia. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Yatta, na aliniita mwiitu, yaani binti, tangu siku ya kwanza. "Mizani ndiyo inapima mtu."

Siku za soko, Jumatatu na Ijumaa, akina mama waliouza wakamaliza walipitia kwetu kujipima bure. Walipanda na vikapu, tukawaambia wateremshe, wakapanda tena.

"Nimeongeza kilo mbili!" mmoja angesema, akigeuka ili wote wamwone.

"Umeongeza sweta mbili," mwenzake angemjibu. "Vua moja tukuone."

Hakuna aliyefurahia kupungua. Aliyepungua alishuka kimya, na wengine wakaanza ghafla kuzungumza kuhusu mvua.

Halafu zikaanza kuja sura nyingine. Wasichana wa kwetu walioshonea nguo viwandani kule EPZ, Athi River, walirudi nyumbani mwisho wa mwezi wakiwa wamevaa suruali za kubana, na wao pia walitaka kupanda. Lakini wao walitaka mkono wa mizani ushuke. Namkumbuka mmoja aliyefunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Woi! Hamsini na nane? Hii mizani ni ya ng'ombe!"

"Ni ya mahindi," mwenye duka akamwambia. "Na mahindi hayajawahi kulia."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu sikuelewa. Msichana ana afya, ana mashavu, ana kazi, halafu analilia kilo hamsini na nane! Nilimtazama akienda zake, nikajiuliza ni nani aliyemwambia kuwa hizo ni nyingi.

Lazima nieleze jinsi tulivyouona mwili miaka ile. Mtu akikonda, watu hawakumuuliza kama anakula. Walimtazama shingo, wakamtazama vifundo vya mikono, wakatazamana wao kwa wao. Ugonjwa wenyewe haukutajwa jina mbele ya watoto. Mama alipoanza kukonda alivaa sketi mbili, moja juu ya nyingine, akenda kanisani hivyo hivyo kwenye jua. Kadi zetu za kliniki alizitunza kwenye mkebe wa biskuti, zile kadi za mtoto zenye njia iliyochorwa, na muuguzi anaweka nukta kila mwezi. Kila nukta ikipanda, mama alifurahi kama aliyepita mtihani. Alinionyesha yangu zaidi ya mara moja. "Unaona? Hapa ulikuwa na surua, ukashuka. Hapa ukapanda tena." Aliweza kuusoma utoto wangu wote kwa kidole kimoja.

Njia ile inaishia miaka mitano. Mimi niliona ni vibaya iishie pale. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, duka likiwa limefungwa na ufunguo ukiwa kwangu, niliwapitisha wadogo zangu pale tukitoka kanisani, nikawapima. Nyuma ya mlango wa stoo nilichora kwa chaki safu mbili, moja ya wa kati na moja ya kitinda mimba. Mwenye duka aliziona, hakusema kitu, ila alimkataza mpakiaji kuegemeza magunia hapo.

Kitinda mimba alizipenda Jumapili hizo. Siku moja nilimshika kwenye mtungi wa maji, akinywa kikombe cha nne.

"Una kiu gani wewe?"

"Sina kiu. Nataka kuwa ishirini na tano."

Nilimweleza kuwa maji hayahesabiki, yatatoka. Akafikiri. "Lakini yakiwa ndani ni yangu," akasema. Hapo nikajifunza kuwa mizani inaweza kudanganywa kwa kuongezwa. Nilidhani ni mtoto mdogo tu anayeweza kuwaza hivyo.

Wa kati alipanda bila maneno. Alifanya mtihani wa darasa la nane akapita, akaingia sekondari ya kutwa ya wasichana mjini. Mwaka ule wa kwanza mwili wake ulifunguka kama unavyofunguka wakati wake ukifika. Sketi niliyomshonea Januari ilimbana Mei. Chaki ilisema arobaini na tisa, hamsini na moja, hamsini na mbili. Kila nilipoandika namba mpya nilipumua. Nilikuwa nimejiwekea jambo moja moyoni: njia yao ikipanda, basi kilichomchukua mama hakikuingia kwa watoto. Sikumwambia yeyote. Hayo hayakuwa mambo ya hospitali, yalikuwa yangu na mlango wa stoo.

Mwezi wa Julai shule ikaita siku ya wazazi. Nilivaa koti la mama. Kulikuwa na baridi ya Julai inayoshuka kutoka vilima vya Iveti, na wazazi walisimama uwanjani wakisugua mikono. Wengi wao walikuwa na umri wa kunizaa. Mdogo wangu alikuja akiwa na wenzake watano au sita, wasichana waliotoka kila mahali: wengine wa hapa, wengine watoto wa wafanyakazi waliohamishiwa mjini, na wawili waliokulia Nairobi, walioongea haraka huku wakitafuna mwisho wa maneno. Kwa ajili yao nilizungumza Kiswahili. Nilitaka waone kwamba ana mtu.

Nilimshika mkono wa juu, pale penye nyama, nikaubinya kama mama alivyokuwa akitubinya.

"Aki umenona!" nikasema kwa sauti. "Mungu asifiwe, umenona kabisa!"

Wenzake walicheka. Nami nikacheka, nikidhani wanafurahi pamoja nasi. Mmoja wa wale wa Nairobi akauliza, kwa adabu kabisa, "Krismasi ni lini?"

Nilihesabu kwa vidole. "Bado miezi mitano," nikamjibu.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mdogo wangu alitazama viatu vyake. Nilidhani anaona haya kusifiwa mbele ya watu, na nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika sana.

Agosti chaki ikasema hamsini na mbili. Septemba hamsini na mbili. Kitinda mimba naye alikuwa akipanda kama mzabibu, mashavu yakimng'aa, nami nikamsifu mwalimu wa shule yao kwa ule uji wa saa nne. Lakini jicho langu lilikuwa linaniambia jambo jingine kuhusu wa kati. Asubuhi akijifunga tai niliona mfupa wa kola. Ile sketi iliyokuwa ikimbana aliifunga kwa pini. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Nilimuuliza kama anakula shuleni, akasema, "Si ni ile githeri ya mahindi na maharagwe, Dada? Nakula." Jioni nilikuwa nikirudi wakiwa wameshakula, sahani zimeoshwa na kufunikwa, yangu iko jikoni.

Sasa nilikuwa na mashahidi wawili wasiokubaliana, jicho na mizani, na mwenye duka alikwisha kunifundisha yupi wa kuaminiwa. Hata hivyo sikutulia. Jumanne moja, kabla ya wateja kufika, nilichukua gunia la sukari la kilo hamsini, bado limeshonwa mdomo kutoka kiwandani, nikaliweka kwenye ubao. Hamsini. Nikaliweka la pili juu yake. Mia. Mpakiaji yule mwembamba alisimama mlangoni akinitazama.

"Unatafuta nini?"

"Kama inasema ukweli."

"Hii? Hii haijawahi kumdanganya hata mwenye duka."

Nilirudisha sukari mahali pake. Kwa hiyo tatizo lilikuwa jicho langu. Nilijiambia kwamba nimemtazama mama akikonda kwa muda mrefu mno, na sasa namwona mama kila nikimtazama mtu. Nilikubali hivyo. Oktoba mizani ikasema hamsini na moja na nusu, nami nikaandika nusu ile kwa mkono mzuri, wala sikuuliza tena.

Jumapili ya kwanza ya Novemba palikuwa na joto la kabla ya mvua. Nilifungua duka, nikaenda nyuma kufungua dirisha la stoo ili tupate mwanga. Niliporudi wa kati alikuwa ameshapanda kwenye ubao, sweta la shule amelivaa na joto lile, mikono ndani ya mifuko ya sketi. Nilianza kusukuma kijiwe. Mkono wa shaba ulielea kwenye hamsini na moja. Niligeuka kuchukua chaki.

Nilisikia chuma kikigonga ubao. Niligeuka nikaona jiwe la mizani, lile la kilo mbili tunalotumia kwenye mizani ndogo ya kaunta, likizunguka kwenye sakafu. Yeye alikuwa anafuata. Alianguka taratibu, magoti kwanza, kama anayetaka kuliokota.

"Amekufa?" kitinda mimba aliuliza.

"Chota maji," nikamwambia.

Nilimlaza kwenye magunia matupu. Alifungua macho mapema kuliko nilivyotegemea. Nilipomgeuza ubavu nilihisi kitu kigumu kwenye mfuko wa pili, nikatoa jiwe jingine, la kilo mbili pia. Nililishika mkononi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeyashika mawe yale kila siku, na sikumbuki hata mara moja kuyaona mazito kama siku hiyo. Kisha nikafanya jambo ambalo nalikumbuka kwa aibu kidogo. Kabla ya kumuuliza lolote, kichwa changu kilipiga hesabu: hamsini na moja, toa nne. Arobaini na saba.

Mizani haikudanganya. Haikumjua mtu, ilipima kila kilichowekwa juu yake.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Agosti. Mwanzo lilikuwa la kilo moja."

Kitinda mimba alikuwa amesimama na kikombe. Alitazama jiwe, akatazama dada yake, akaanza kulia. "Mimi nilikuwa nasaidia tu," akasema. "Chakula chake akikiacha, ni mimi namalizia." Uji wa saa nne nikausahau hapo hapo.

Kesho yake niliomba ruhusa. Mwenye duka alinisikiliza, akayatazama mawe yake mawili pale kwenye kaunta, akasema tu, "Nenda. Magunia yatangoja." Tulitembea mpaka hospitali kubwa ya mji polepole, tukipumzika kwenye vivuli vya maduka. Muuguzi tuliyempata alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimvua viatu mdogo wangu, akampima uzito, kisha akamsimamisha ukutani akampima urefu. Hilo la urefu lilinivutia. Sisi dukani hatukuwahi kuuliza gunia lina urefu gani.

"Kwa nini urefu?" nikamuuliza.

"Kilo peke yake haisemi kitu," akajibu, bila kuinua kichwa. "Arobaini na saba ya mfupi si arobaini na saba ya mrefu. Huyu ni mrefu. Bado anarefuka." Alimvuta kope ya chini, akaangalia. "Na damu iko chini. Binti, asubuhi unakula nini?"

"Chai."

"Mchana?"

Mdogo wangu aliinama kutafuta viatu vyake.

"Jioni?"

Akaanza kufunga kamba za viatu.

Nilimwomba muuguzi tuzungumze pembeni. Nilimwambia kwa sauti ya chini kile ambacho sikuwahi kumwambia mtu: kuhusu baba, kuhusu mama, kuhusu njia ya chaki nyuma ya mlango. Nikamwomba ampime damu kwa ule ugonjwa usiotajwa pia.

"Anajua ni kipimo cha nini?"

"Hapana."

"Basi nenda umwambie. Mtu hapimwi kitu asichokijua."

Nje kulikuwa na benchi refu la mbao. Tulikaa mwisho wake. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa miaka, na sasa yalikuja yakiwa yamepinda. Nilimwambia mama hakufa kwa kifua, kama tulivyosema.

"Najua," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Kila mtu."

Tulitazama watu wakipita na kadi zao. Kisha nikamuuliza kwa nini basi, ikiwa alijua kukonda ni nini kwetu, aliacha kula. Nilitaka kujua kweli kweli. Sikuwa na hasira. Ilikuwa kama siku ile ya wapakiaji: nilitaka kujua kilo zilikwenda wapi.

"Wananiita Krismasi."

"Kwa nini Krismasi?"

"Si ulisema nimenona? Mbele yao." Alisema kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Dada, kunona si ya watu. Ni ya mbuzi. Kwa Kiswahili mtu ananenepa. Mnyama ndiye ananona, halafu anachinjwa. Ndiyo wakauliza Krismasi ni lini, na wewe ukawaambia miezi mitano. Kila siku wakawa wananihesabia. Bado minne. Bado mitatu."

Nyumbani kwetu, kwa Kikamba, neno lilikuwa moja kwa mtu na kwa mbuzi, na sauti yake inakaribiana na hilo. Lilikuwa neno la sifa. Mama alilitumia kwa kadi za kliniki, na nyanya alilitumia kwa mkwe mpya. Nilikuwa nimelichukua likiwa safi, nikalivusha kwenye Kiswahili, na huko lilikuwa linangojewa na kisu. Nilihesabu tena kwa vidole, pale kwenye benchi, bila kutaka. Tulikuwa Novemba. Ulikuwa umebaki mmoja.

"Na mawe?" nikauliza mwishowe. "Kama ulitaka kukonda, si ungeacha nione?"

"Sikutaka uone. Ukiona nimekonda utafikiri ni mama tena." Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Wao wanione mwembamba. Wewe unione niko sawa. Sikujua nifanye aje."

Nikamwambia muuguzi anatungoja. Akasema atapimwa kama na mimi nitapimwa. Hilo sikulitegemea. Mimi ndiye niliyemgeuza mama kitandani, mimi ndiye niliyefua shuka zake, na miaka yote hiyo sikuwahi kulileta swali hilo kwangu mwenyewe. Nilisema mimi siumwi. Akasema hata yeye haumwi. Tuliingia wote wawili.

Tulingoja majibu tukiwa kwenye benchi lile lile. Sikumbuki tulizungumza nini, ila nakumbuka alilala, kichwa chake kwenye bega langu, nami nikajaribu kukadiria uzito wa kichwa cha mtu. Sikuweza. Muuguzi alituita mmoja mmoja. Alipotoka wa kati alitikisa kichwa kidogo kuniambia hapana, hakuna kitu. Nikaingia, na kwangu pia hakukuwa na kitu. Muuguzi alivua miwani.

"Wewe umekonda kuliko yeye," akasema. "Unakula?"

"Nakula jioni."

"Jioni kile kinachobaki," akasema, na hakungoja jibu. Aliandika vidonge vya damu, vya watu wawili.

Jioni hiyo nilipika muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na maharagwe, nikarudi mapema ili tule pamoja. Wa kati alikula vijiko sita. Nilivihesabu, naye alijua ninavihesabu. Kesho yake nane. Haikuwa njia iliyonyooka. Kuna siku alisukuma sahani, akasema amejaa hadi shingoni, na kuna asubuhi aliyosema hataki kwenda shule. Nilitaka kwenda kwa wale wasichana. Alinizuia.

"Ukienda utawaambia nini? Na kwa Kiswahili gani?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kutania tangu Julai, basi nikakubali kuaibishwa. Nilimuuliza anifundishe. Nikimwona ana afya, niseme nini?

"Sema nimenenepa. Ama usiseme kitu."

"Na kama nimefurahi?"

Alifikiri. "Basi sema umefurahi."

Nilimuuliza mwenye duka, kama kunona ni ya watu ama ya mbuzi. Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia. "Kwetu ni ya yeyote aliyeshiba," akasema. Kisha akaacha kucheka. "Lakini mtoto anasoma na watu wasio wa kwetu." Kuanzia hapo aliyafungia mawe ya mizani kwenye droo kila Jumamosi jioni, na ufunguo akanipa mimi. Sikumwambia kwamba hakukuwa na haja tena. Sikuwa na hakika.

Jumapili ya kwanza ya Desemba nilikuwa nimeamua kutowapima. Muuguzi alikuwa amesema kilo peke yake haisemi kitu, na mimi nilikuwa nimeisikiliza peke yake kwa miaka. Ni wa kati aliyegeukia njia ya dukani tulipotoka kanisani. Aliniomba ufunguo, akafungua droo mwenyewe, akayatoa mawe yote, la robo, la nusu, la kilo, mawili ya kilo mbili, akayapanga kwenye kaunta mbele yangu.

"Hesabu," akasema.

Nilihesabu. Yalitimia. Akavua sweta, akavua viatu, akapanda. Arobaini na tisa. Niliandika, kisha nikageuka, na neno lile la kwetu lilikuwa tayari mdomoni.

"Nimefurahi," nikasema.

"Sawa," akasema, akashuka.

Kitinda mimba alipanda, akaapa hajanywa maji. Alikuwa amepungua nusu kilo kwa kula sahani moja, na alisikitika kidogo. Nikaanza kufunga dirisha. Niliporudi, wa kati alikuwa mlangoni mwa stoo na chaki, akichora safu ya tatu kando ya mbili zangu, iliyonyooka kuliko zangu, kwa sababu alitumia kipande cha mbao kama rula.

"Ya nani hiyo?"

"Vua viatu."

Nilimwambia nimechelewa kuwasha moto. Nikamwambia mimi ndiye mwenye kupima. Alisimama tu karibu na mkono wa shaba, kama nilivyosimama mimi kwenye kikao cha jamaa nikirudia neno moja. Kwa kweli nilitaka kujua. Miaka mitatu nilikuwa nimepima mahindi, pumba, wapakiaji, wasichana wa EPZ, na sikuwahi kujiuliza mkono ule ungeelea wapi chini yangu. Au nilijiuliza, nikaogopa.

Nilivua viatu. Nilipoinua mguu, akanishika bega.

"Ngoja," akasema, akapiga magoti na kunipapasa mifuko, huu na huu, kwa mikono yote miwili, bila haraka. Alitoa funguo za duka, akazipima kwa kiganja, akampa kitinda mimba azishike.

"Haya," akasema. "Panda."